Dhahabu ya Roma yenye sura za wanawake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu sarafu za dhahabu za Roma ya kale zenye sura za wanawake: upande mmoja mke, mama, dada au binti wa kaisari, na upande wa pili, mara nyingi, mungu wa kike. Baadhi ya majibu ni ya mistari michache kwa sababu jambo lenyewe halina mengi. Ya Agrippina na Julia Domna ni marefu, na kwa hilo siombi radhi.

Sarafu hizi ziliitwaje, na zilikuwa na uzito gani?

Kwa Kilatini ni aureus, zikiwa nyingi aurei. Maana yake "ya dhahabu", basi. Julius Caesar ndiye aliyeanza kuzitoa kwa wingi, mwaka 46 KK. Ratili moja ya Kirumi, yaani karibu gramu 325, ilitoa sarafu 40, kila moja gramu 8 hivi. Nero akaja mwaka 64 BK akaigawa ratili ileile kwa sarafu 45. Caracalla, mwaka 215, akatoa 50. Baadaye Constantine aliiacha aureus na kuleta solidus, 72 kwa ratili, gramu nne na nusu. Bandu bandu huisha gogo. Ila kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo dhahabu yenyewe haikuchanganywa na kitu. Kilichopunguzwa ni uzito. Ni sarafu za fedha ndizo zilizotiwa shaba mpaka zikabaki jina.

Kwa upana aureus haizidi sana ukucha wa kidole gumba. Picha za kwenye skrini hudanganya: uso unaouona mkubwa kama sahani ulichongwa ndani ya sentimita mbili.

Aureus moja ingenunua nini?

Ilikuwa sawa na denarii 25 za fedha. Denarius tunaifahamu: Waarabu waliipokea kupitia Wagiriki wakaiita dinari, wakaipa jina hilo sarafu ya dhahabu badala ya ile ya fedha, na sisi tukaipokea kwao. Wale vibarua wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo walipatana dinari moja kwa kutwa. Kwa hesabu hiyo aureus ni vibarua 25 kwa siku moja, au kibarua mmoja kwa karibu mwezi mzima. Askari wa kawaida wakati wa Augustus, kaisari wa kwanza, alilipwa denarii 225 kwa mwaka, sawa na aurei 9. Baadaye kaisari Domitian akaongeza tatu.

Kwa hiyo mwuza samaki wa Roma hakuwa na sarafu hii kibindoni. Waliozishika ni maofisa, matajiri, wafanyabiashara wa mbali na askari siku ya mshahara. Wakati wa kusoma maneno yaliyochorwa juu yake, kumbuka hao ndio walioandikiwa.

Mwanamke wa kwanza kuonekana kwenye dhahabu ya Roma ni nani?

Hapa wataalamu hugombana, kwa sababu wanawake wa mwanzo hawakuandikwa majina. Kuna sarafu za fedha za Lugdunum, mji ambao leo ni Lyon, za miaka ya 43 na 42 KK, zenye Victoria, mungu wa kike wa ushindi, na wengi huona uso ule ni wa Fulvia, mke wa jemadari Mark Antony. Kwenye dhahabu, jina linalotajwa zaidi ni Octavia. Mwaka 40 KK aliozwa kwa huyohuyo Antony ili kumpatanisha na kaka yake Octavian, ambaye baadaye aliitwa Augustus. Upande mmoja yuko Antony, upande wa pili mwanamke mwenye nywele zilizofungwa nyuma kwa utulivu. Jina hakuna. Ni hati ya mapatano iliyotiwa sura ya bibi harusi, na mapatano yalipovunjika, mwaka 32 KK, Antony alimpa talaka.

Na Cleopatra?

Yupo, lakini kwenye fedha. Kuna denarius yenye Antony upande mmoja na yeye upande wa pili, na maneno yanayomwita malkia wa wafalme. Atakayekuuzia aureus ya Cleopatra anakuuzia hadithi.

Livia, mke wa Augustus, alikuwa na sarafu yake?

Kwa jina lake, kwenye dhahabu ya Roma, hapana. Ila mwanawe Tiberius, kaisari aliyefuata, alitoa kwa miaka mingi sarafu za dhahabu na za fedha zenye mwanamke aliyeketi, fimbo mkono mmoja na tawi mkono wa pili. Anaweza kuwa Pax, yaani amani. Anaweza kuwa Livia mwenyewe akiwa amevaa sifa za Pax, na naamini watu walitakiwa waone wote wawili kwa pamoja. Ile ya fedha ndiyo wengi wanayodhani Yesu alionyeshwa alipouliza, sura hii na anwani hii ni ya nani. Jibu la haraka ni Kaisari. Kwa upande wa nyuma hakuna aliyeuliza.

Ni lini basi mwanamke aliandikwa jina?

Walianza na marehemu. Caligula, aliyetawala kuanzia mwaka 37, alimweka mama yake Agrippina Mkubwa, aliyekwisha kufa uhamishoni. Claudius alimweka mama yake Antonia, naye marehemu, akiwa na taji la masuke ya ngano kama Ceres, mungu wa kike wa mavuno. Marehemu hana madhara. Hawezi kudai kiti.

Kisha akaja Agrippina Mdogo, binti wa yule wa kwanza, na yeye alikuwa hai kabisa.

Kwa nini sarafu za Agrippina Mdogo huzungumzwa sana?

Kwa sababu ukizipanga mezani tatu tu, unaona mama na mwana wakigombea nafasi ndani ya sentimita mbili.

Aliolewa na Claudius, baba yake mdogo, mwaka 49. Mwaka uliofuata akapewa cheo cha Augusta, cha heshima kwa wanawake wa ikulu, na uso wake ukaingia kwenye dhahabu ya mumewe: Claudius mbele, Agrippina nyuma, naye ana masuke kichwani. Hiyo ni ya kwanza.

Oktoba 54 Claudius akafa. Nero, mwana wa Agrippina kwa ndoa ya awali, akawa kaisari kabla hajatimiza miaka 17. Dhahabu iliyotoka mwishoni mwa mwaka huo inawaonyesha wawili hao wakitazamana uso kwa uso, vichwa vya ukubwa mmoja. Lakini soma maandishi. Yanayozunguka vile vichwa ni ya mama: Agrippina Augusta, mke wa Claudius aliye mungu, mama wa Nero Kaisari. Jina la kaisari mwenyewe liko upande wa nyuma, limezungushiwa taji la majani ya mwaloni. Mtawala wa dola amegeuzwa kuwa maelezo ya mama yake.

Ya tatu ni ya mwaka 55. Sasa hawatazamani, wote wanaangalia upande mmoja, Nero mbele, mama nyuma yake akichungulia. Jina la Nero limehamia upande wa vichwa na la mama limepelekwa nyuma, kwenye gari linalovutwa na tembo wanne. Baada ya hapo Agrippina hayumo tena. Mwaka 59 mwanawe alimpandisha chombo kilichotengenezwa kivunjike majini. Akaogelea hadi ufukweni, na askari wakatumwa kummaliza nyumbani.

Ofisa wa sarafu aliyeamua majina yakae wapi alijua mambo ya ikulu mapema kuliko wengi.

Kwa nini nyuma kuna mungu wa kike?

Zisome kama unavyosoma kanga. Kanga ina mji, ina pindo, na ina jina, yale maneno ya chini, na mwenye kuivaa amelichagua jina lile ili mtu fulani alisome. Aureus ni vivyo hivyo. Sura ni ya mvaaji, na mungu wa nyuma pamoja na neno lake ndiyo jina. Swali ni hilohilo la mtaani: anaambiwa nani?

Miungu wenyewe si wengi. Juno, mke wa Jupiter, huja na tausi wake. Vesta ni wa moto wa nyumbani. Ceres ana masuke na mwenge. Venus ana tufaha, Diana ana mwezi. Halafu kuna kundi ambalo si miungu hasa bali tabia njema zilizopewa mwili wa mwanamke: Pudicitia, staha, aliyejitanda ushungi; Pietas, heshima kwa miungu na wazazi; Fecunditas, uzazi, aliyebeba watoto. Na Concordia, maelewano.

Huyu Concordia nimejifunza kumtilia shaka. Mwaka 202 Caracalla, mwana wa kaisari Septimius Severus, aliozwa Plautilla, binti wa Plautianus, mtu mwenye nguvu kuliko wote baada ya kaisari. Mwanahistoria Cassius Dio anasema mahari aliyokwenda nayo ingetosha malkia hamsini. Sarafu zake zikatangaza maelewano ya milele. Mwenzake Herodian anaandika kwamba bwana harusi hakula naye wala kulala naye. Mwaka 205 baba mkwe akauawa, Plautilla akapelekwa uhamishoni, na Caracalla alipobaki peke yake madarakani akaamuru auawe. Crispina, mke wa Commodus, naye ana Concordia zake, na mwisho wake ni uhamisho wa Capri na kifo. Nyumba yenye maelewano haina haja ya kuyachapa kwenye dhahabu.

Fecunditas ni mkweli zaidi, maana watoto huhesabika. Faustina Mdogo, mke wa Marcus Aurelius, alipewa cheo cha Augusta mwaka 147 baada ya kujifungua mtoto wa kwanza, na akazaa si chini ya 12. Sarafu zake zinafuata uzazi huo karibu kama kadi ya kliniki. Mapacha waliozaliwa Agosti 161 wamekaa kwenye kiti cha enzi, wachanga wawili, na maneno yanayosema zama ni za heri. Mmoja alikufa akiwa na miaka minne. Mwingine alikuwa Commodus.

DIVA maana yake nini?

Ni neno linalotangulia jina kwenye baadhi ya sarafu: marehemu wa kike aliyetangazwa kuwa mungu. Anayeongoza hapa ni Faustina Mkubwa, mke wa Antoninus Pius. Alikufa mwaka 140, mumewe akaendelea kutoa sarafu zake, nyingi kupita kiasi, hadi alipokufa mwenyewe mwaka 161. Ziko zenye neno Aeternitas, umilele, na ziko zinazotaja mfuko wa kusaidia wasichana maskini ulioanzishwa kwa jina lake. Hekalu lake bado limesimama katikati ya Roma. Limegeuzwa kanisa, nguzo zikiwa palepale.

Pwani yetu inaijua hali hii ya pesa kubaki na sura ya marehemu. Riale ya fedha ya Maria Theresa wa Austria, iliyotumika Unguja, Omani na Uhabeshi, iliendelea kutengenezwa vizazi na vizazi ikiwa na mwaka uleule, 1780, mwaka aliokufa.

Kati ya sarafu za aina hii, inayonigusa zaidi ni ya Domitia, mke wa Domitian. Mtoto wao wa kiume alikufa akiwa mdogo. Nyuma ya dhahabu yake mtoto yule ameketi uchi juu ya tufe la dunia, ameinua mikono, na nyota saba zimemzunguka.

Julia Domna alikuwa nani?

Msiria wa Emesa, mji unaoitwa Homs leo, wa ukoo wa makuhani wa mungu jua. Mumewe, Septimius Severus, alikuwa mtu wa Leptis Magna, Libya. Inasimuliwa kwamba Severus, akiwa mjane, aliambiwa kuna binti Syria ambaye nyota yake inasema ataolewa na mfalme, akatuma posa. Dola ya Roma ikawa mikononi mwa Mwafrika na Msiria, na ukoo mpya wenye asili ya mbali ulihitaji kujitambulisha. Ndiyo maana dhahabu ya Domna ni nyingi na inasema mengi.

Kuna Venus mshindi, amekupa mgongo, ameegemea nguzo, tufaha mkononi, nguo imemteleza hadi chini ya kiuno. Ajabu kidogo kwa mama wa watoto wawili, lakini Venus ndiye bibi wa ukoo wa Julius Caesar, na huyu ni Julia. Jina lilitosha kudai undugu. Kuna Cybele, mama wa miungu, kwenye gari la simba. Vyeo navyo vikaongezeka: mama wa makaisari, mama wa kambi za jeshi, na mwishowe mama wa Seneti na mama wa nchi.

Kubwa kuliko zote ni ile ya mwanzoni mwa miaka ya 200. Mbele Severus. Nyuma Domna anakutazama usoni, jambo la nadra kwa sarafu za Kirumi za wakati ule, na pembeni yake wanawe wawili, Caracalla na Geta. Maneno: heri ya zama. Desemba 211, baada ya baba yao kufa, Caracalla alimwita ndugu yake waje wapatane mbele ya mama. Geta aliuawa mikononi mwa Domna, na jina lake likachongolewa kwenye mawe ya dola nzima. Dhahabu haikuweza kuchongolewa yote, ilikuwa imeshatawanyika. Domna alikufa mwaka 217, muda mfupi baada ya Caracalla naye kuuawa.

Nitamtambuaje nani ni nani?

Anza na nywele. Mabinti wa nyumba ya makaisari Vespasian na Titus wana ukuta wa vipilipili juu ya paji la uso. Faustina Mkubwa amesukwa, misuko ikakusanywa utosini. Binti yake ana fundo kisogoni. Domna ana mawimbi mazito yaliyolala pande zote, ambayo wengi husema ni nywele za bandia. Msusi mzuri angeweza kuzipanga sarafu hizi kwa miongo bila kujua herufi hata moja ya Kilatini.

Na ni bora ajue kufanya hivyo, kwa sababu maandishi hayasaidii sana kwenye tarehe. Kaisari alihesabiwa miaka ya madaraka yake na hesabu ikachapwa. Mwanamke hakuwa na ofisi, kwa hiyo hakuwa na namba. Ana jina, ana AVGVSTA, labda ni mama wa nani au mke wa nani. Herufi V husimama pia badala ya U.

Ukiona kichwa na mabega ya mwanamke yamewekwa juu ya hilali, hiyo ni sarafu ya thamani maradufu, nyingi zikiwa za fedha, kuanzia mwaka 215. Kaisari kwenye sarafu za aina hiyo huvaa miale ya jua.

Ukristo ulipoingia, miungu hawa walikwenda wapi?

Wengi waliondoka. Victoria alibaki, akapewa kazi nyingine. Kwenye solidus ya Aelia Flaccilla, mke wa Theodosius wa Kwanza, ameketi akiandika alama ya Kristo juu ya ngao. Kwa Galla Placidia, binti wa Theodosius, amesimama na msalaba mrefu, na juu ya kichwa cha Placidia mkono unashuka kutoka mbinguni na taji.

Dhahabu hii ilifika Afrika Mashariki?

Bandari za Bahari ya Hindi ziliijua vizuri. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alilalamika kwamba India, Uchina na Arabuni zinaichota Roma sestertii (sarafu ndogo, nne kwa denarius moja) milioni 100 kila mwaka, akaongeza kwamba hiyo ndiyo gharama ya anasa zetu na wanawake wetu. Wanaume waliokula pilipili ileile hakuwataja. Aurei nyingi zimechimbuliwa India kusini, nyingine zikiwa zimekatwa kwa patasi usoni mwa kaisari.

Kwa pwani yetu, kile kitabu cha baharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, kinaitaja bandari ya Rhapta na pembe za ndovu zake. Bidhaa zilizoletwa huko ni mikuki, mashoka, visu, misharasi ya kutobolea na vyombo vya kioo, pamoja na divai na nafaka za kutafutia urafiki. Pesa haimo kwenye orodha hiyo. Aksum, ufalme wa kale wa Uhabeshi, ndiyo iliyochapa dhahabu yake yenyewe tangu karne ya tatu, kwa kufuata vipimo vya Kirumi. Kilwa ilipokuja kuchapa sarafu zake, karne nyingi baadaye, hakukuwa na sura ya mtu, mwanamume wala mwanamke. Ni maandishi tu.

Zinapatikana wapi siku hizi ardhini?

Mahali mtu alipoficha na hakurudi. Boscoreale, karibu na Pompeii, mwaka 1895 zilipatikana aurei zipatazo 1,000 kwenye nyumba iliyofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79. Trier, Ujerumani, mwaka 1993 wachimbaji wa ujenzi walifukua zaidi ya 2,500, uzito wa kilo 18 na nusu. Mwaka 2019 wezi waliingia makumbusho ya Trier na nyundo, na kioo kikawashinda.

Nimeletewa moja ninunue. Nifanye nini?

Kizuri chajiuza. Aureus halisi yenye sura ya mwanamke inauzwa kwa maelfu ya dola hata ikiwa imechakaa, na zile nadra hupanda mbali zaidi. Anayekupa kwa bei ya simu hana aureus. Ipime uzito uufananishe na wa zama zake. Tazama ukingoni kwa lenzi: sarafu hizi ziligongwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili, hazikumiminwa kwenye kalibu, kwa hiyo mshono au vijishimo vya mapovu ni dalili mbaya. Lakini sonara wako, hata akiwa hodari kiasi gani, atakuambia tu kwamba ni dhahabu, na waghushi wazuri hutumia dhahabu. Carl Wilhelm Becker, Mjerumani aliyekufa mwaka 1830, alichonga mihuri yake kwa ustadi mkubwa, kisha akazifunga sarafu mpya kwenye sanduku lenye unga wa chuma chini ya gari lake la farasi, akatembea nazo barabarani mpaka zikazeeka.

Kisha uliza karatasi. Ilitoka wapi, lini, na kwa ruhusa ya nani. Aureus ya Brutus, mmoja wa waliomwua Julius Caesar, iliyouzwa London mwaka 2020 kwa zaidi ya dola milioni 4 ilibainika kuwa na historia ya kubuni, na mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki. Mnunuzi wa kawaida hana mawakili wa kuvumilia hayo.

Naweza kuitoboa niivae mkufuni?

Warumi wenyewe walifanya hivyo, na makumbusho yana vidani vyao. Wewe usifanye, tundu moja hula sehemu kubwa ya thamani yake. Kama unachotaka ni kuziangalia, Palazzo Massimo mjini Roma imezipanga ghorofa ya chini kabisa, na lenzi za kukuzia za kusogeza kwa kitufe. Kama Roma ni mbali, British Museum na makumbusho ya Berlin wameweka picha za sarafu zao kwenye intaneti, bure, pande zote mbili. Anza na upande wa nyuma.